Chuma chakavu kinageuka lini kuwa bunduki? Marekani ilihesabu saa, sasa inahesabu dakika

Kifurushi kinafika mlangoni. Ndani kuna kitako cha mbao, springi, kifyatulio na vipande vya chuma vilivyokatwa kwa moto wa gesi. Miaka 80 iliyopita, vyote hivyo vilikuwa bunduki moja mikononi mwa askari.

Leo, kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, huo ni mzigo wa chuma chakavu. Aliyeagiza hakuhitaji kibali.

Lakini mwenye kifurushi ana mashine ya kuchomelea kwenye gereji yake, na anataka bunduki ile irudi kama ilivyokuwa. Je, ni wakati gani chuma kile kinakuwa silaha tena? Swali hilo limewasumbua mafundi wa hobi, polisi na majaji kwa miaka mingi, na jibu lake linazidi kubana.

Bunduki ni kipande kimoja tu

Kwa lugha nyepesi, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968 inaitambua bunduki kwa kiungo kimoja: risiva. Hili ni bodi la chuma ambalo mtutu, kifyatulio na mitambo mingine hufungwa ndani au juu yake. Namba ya silaha hugongwa hapo.

Ndiyo maana silaha nyingi za kivita za zamani huuzwa zikiwa vipande. Risiva hukatwakatwa, vilivyobaki vinauzwa kama seti ya vipuri. Wanunuzi wakubwa ni wapenzi wa historia wanaotaka kushika bunduki ya vita vya babu yao na kwenda nayo kwenye uwanja wa shabaha.

Hobi yenyewe si ya jana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilikata bunduki nyingi aina ya M1 Garand na kuziuza kama chakavu. Garand ni nusu otomatiki: kila ukivuta kifyatulio, inatoka risasi moja na nyingine inaingia yenyewe. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 5. Wafanyabiashara wakanunua nusu za risiva, wakaziunga kwa kuchomelea na kuziuza tena kwa raia.

Kuna hatari hata kabla ya kufika kwa polisi. Chuma cha risiva huwa kimepitishwa kwenye moto kiwandani kwa vipimo maalumu ili kihimili mlipuko wa risasi. Joto la kuchomelea linaharibu ugumu huo. Ukiangalia kwa macho kiungo kinaweza kung'aa vizuri, kumbe ndani kimedhoofika, na uso wa mpigaji uko sentimita chache kutoka hapo.

Mtego wa kisheria uko wapi?

Sheria ya shirikisho inamruhusu raia asiyezuiwa kumiliki silaha kujitengenezea bunduki kwa matumizi yake, bila leseni. Baadhi ya majimbo, ikiwemo California na New Jersey, yana masharti makali zaidi.

Ila kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni hesabu ya vipuri. Kuna bunduki za nusu otomatiki ambazo Marekani hairuhusu ziingizwe kutoka nje. Ukiunda inayofanana nazo, huwezi kutumia zaidi ya vipuri 10 vya kigeni kati ya aina 20 zilizoorodheshwa. Mtu anaweza kuchomelea vizuri kabisa, halafu akaingia matatani kwa kukosea hesabu.

Wa pili ni mzito zaidi: rashasha. Tangu Mei 19, 1986, raia wa kawaida haruhusiwi kumiliki rashasha iliyotengenezwa baada ya tarehe hiyo. Adhabu inaweza kufika miaka 10 jela. Na sheria haiangalii tu kama silaha inapiga mfululizo leo. Inauliza pia kama inaweza kurudishwa "kwa urahisi" ipige hivyo.

Urahisi ni muda gani?

Hapo ndipo ngoma inapokuwa nzito. Mwaka 2006, mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia majimbo ya Michigan, Ohio, Kentucky na Tennessee ilipokea kesi ya bunduki moja aina ya M14. Majaji waliona kwamba kazi ya saa kadhaa, kwa vifaa vya kawaida ikiwemo mashine ya kuchomelea, inatosha kuitwa urahisi. Kwa hiyo, kisheria, ile ilikuwa rashasha.

Yaani majaji hawakuishia kuitazama bunduki yenyewe. Walitazama pia kazi iliyobaki.

Machi 26, 2025, Mahakama ya Juu ilirudi kwenye hoja inayokaribiana na hiyo katika kesi ya Bondi dhidi ya VanDerStok. Safari hii mjadala ulihusu seti za kujiundia bunduki nyumbani, zilizokuwa zikiuzwa bila namba wala ukaguzi wa mnunuzi. Kwa kura 7 dhidi ya 2, majaji waliiachia serikali isimamie seti hizo kama silaha. Katika uamuzi ulioandikwa na Jaji Neil Gorsuch, ulitajwa mfano wa mtu aliyeunda bastola kutoka kwenye seti kwa dakika 21, ingawa hakuwahi kuiona seti hiyo kabla.

Kesi hizi mbili hazifanani kisheria. Moja ni ya rashasha, nyingine ni ya seti za vipuri. Lakini zote zinauliza kitu kimoja: bado kazi kiasi gani?

Tatizo kwa mtu wa hobi ni kwamba kazi hiyo inazidi kupungua. Mashine za kuchomelea na za kukata chuma kwa kompyuta zimekuwa nafuu, na video za mafunzo zipo kwenye simu. Kipande cha chuma kinaweza kisibadilike hata kidogo, lakini umbali wake kutoka kuwa silaha ukapungua kila mwaka.

Ulaya ilijifunza kwa damu

Januari 2015, mshambuliaji wa duka la Hyper Cacher jijini Paris alitumia bunduki zilizokuwa zimeuzwa Slovakia kihalali, zikiwa zimegeuzwa kupiga risasi za sauti tu. Zilirudishwa kuua. Desemba mwaka huohuo, Umoja wa Ulaya ulipitisha viwango vya pamoja vya kuzima silaha, kwa sababu kila nchi ilikuwa na kipimo chake. Mwaka 2017 ukabana zaidi na silaha za sauti.

Huku kwetu njia ni nyingine. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilisaini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, inayozitaka ziharibu silaha haramu zinazokamatwa. Novemba 2016, Kenya ilichoma moto silaha 5,250 huko Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Rundo lile halikukusudiwa kumwachia fundi kitu cha kuchomelea.

Marekani haijachagua njia hiyo, na wapenzi wa bunduki za kale wana hoja: wengi wao wanahifadhi historia, na mhalifu ana njia rahisi zaidi za kupata silaha kuliko kukaa wiki nzima akiunga chuma.

Lakini hoja hiyo inategemea ile wiki nzima. Siku ikibaki mchana mmoja, itakuwa vigumu kumweleza jaji kwamba kifurushi kile ni chuma chakavu tu.