Mafuta ya Karafuu: Chupa Ndogo, Nguvu Nyingi

Usiku mmoja jirani yangu alinigongea mlango akiwa amempakata mwanawe wa miaka miwili, aliyekuwa akilia kwa uchungu. Mtoto alikuwa akiota magego. Mama yake, kwa nia njema kabisa, alikuwa amempaka ufizini mafuta ya karafuu aliyoyanunua jioni ile kwa mchuuzi. Ufizi ulikuwa umevimba na mdomo umebabuka. Tulimkimbiza hospitali, na kwa bahati njema alipona. Lakini kisa hicho kilinionyesha kwamba wengi wetu hununua mafuta haya bila kuyafahamu.

Yafaa kwanza tutofautishe. Mafuta ya nazi au ya ufuta hupatikana kwa kukamua. Mafuta ya karafuu hupatikana kwa mvuke: karafuu, makonyo au majani yake hupitishiwa mvuke, mvuke huo hupozwa, kisha mafuta hutengana na maji. Ndivyo yanavyotengenezwa kisiwani Pemba, katika kiwanda cha makonyo kilichoko Wawi. Kwa hiyo kila tone limekusanya nguvu nyingi. Sehemu yake kubwa ni eujenoli, ambayo hutia ganzi. Ndiyo maana waganga wa meno huitumia. Lakini eujenoli hiyo hiyo huunguza ngozi laini, na mtoto akiyameza mafuta hayo, ini lake laweza kudhurika vibaya.

Unapokwenda kununua, ndugu msomaji, chagua chupa ya kioo cheusi au cha rangi ya kahawia, iliyofungwa barabara, yenye jina la mmea na la mtengenezaji. Epuka chupa ya plastiki, kwa kuwa mafuta haya huweza kuila. Ukifika nyumbani, dondosha tone katika glasi ya maji na ulikoroge kidogo. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo hushuka chini. Yakielea kama mafuta ya kupikia, shuku kwamba yamechanganywa. Jaribio hili halithibitishi usafi wote, lakini hufichua udanganyifu wa wazi.

Katika kuyatumia, usiyapake yakiwa matupu. Kwa mtu mzima, tone moja katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi latosha kuchua misuli. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, nawe ungoje siku moja. Usiyanywe. Mama mjamzito na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda waulize daktari kwanza. Watoto wadogo wasipakwe kabisa. Na jino linalouma, hata likitulizwa kwa ganzi, bado limeoza; mganga wa meno ndiye atakayelitibu.

Chupa iwekwe juu, mbali na watoto na mbali na jiko, kwani mafuta haya hushika moto. Mtoto akiyameza, usimtapishe. Mpeleke hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe. Yakiingia machoni, yaoshe kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 15, kisha umwone daktari.

Siku hizi jirani yangu bado anayo karafuu nyumbani, lakini iko jikoni, ndani ya mkebe wa viungo vya pilau. Mtoto anapoota jino, humsugulia ufizi kwa kidole safi au kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Nasi na tujifunze kwake.