Mchuzi wa Ugenini

Mwanao akipata nafasi ya kusoma Uingereza, mwambie hivi: hata katika mji mdogo wa soko la mara moja kwa juma, si ajabu kukuta mkahawa wa Kihindi. Lakini asimsalimu mpishi kwa Kihindi alichookota sinema! Mingi ilianzishwa na watu wa Sylhet, Bangladesh, nao wana lugha yao. Korma ni mchuzi mpole; vindaloo, aagize maji kwanza.

Akikuta mlango umefungwa kabisa, ajue kwamba watoto wengi wa wenye mikahawa wamesoma, wakapata kazi za ofisini. Hawataki kukesha jikoni kama baba zao. Na baba hao walikesha ili wasome.