Twendeni Milimani, na Tuzidi Kwenda

Kimbunga Helene kilitua Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024. Kesho yake kikawakuta watu wa milima ya North Carolina, ambao wengi wao walidhani vimbunga ni shida ya watu wa pwani. Ardhi ilikuwa imekwisha kulowa; pale Busick, milimani humo, ilipimwa mvua ya zaidi ya sentimita 75 kwa siku tatu. Maji ya mlimani hayana pa kutandaa. Yote hukimbilia bondeni, na bondeni ndiko watu walikojenga. Katika jimbo hilo pekee walikufa zaidi ya 100.

Barabara zilipokatika, mizigo ilipandishwa kwa baghala. Makanisa yakageuka maghala. Wabaptisti walileta majiko na misumeno, Waamishi wakajenga vijumba kwa waliopoteza makazi.

Itazameni kazi yenyewe ya kujitolea. Mtu amepiga magoti kwenye tope, anakata ubao wa ukuta uliolowa, anaung'oa, anachomoa misumari mmoja mmoja. Hana budi kuharakisha, maana kuvu huanza kuota ndani ya siku mbili, na nyumba isiyokaushwa haikaliki. Kando yake pana beseni la picha za harusi, zinasuuzwa taratibu zisichanike. Fundi wa kulipwa angedai maelfu ya dola, na wengi wa watu wale hawakuwa na bima ya mafuriko. Basi asiwepo wa kuniambia kwamba kujitolea ni hisani ya pembeni. Kwa kaya nyingi, mikono ile ndiyo iliyokuwa bima.

Lakini ari yetu waumini huwaka wiki ya kwanza tu. Tunapeleka marobota ya nguo kuukuu, tukawaachia wafiwa kazi ya kuzichambua. Tuache! Mji wa Asheville ulingoja hadi tarehe 18 Novemba ndipo maji ya bomba yakafaa kunywa. Kuzijenga upya nyumba huchukua miaka. Mwenye kwenda ajiunge kwanza na kikosi, abebe chakula chake, amsikilize mwenye nyumba. Wala asimgongomelee mtu ubao kwa sharti la kusali naye.

Nanyi mnaosali kwa Kiswahili huko Greensboro na Charlotte, wengi wenu mliotoka Kongo kupitia kambi za wakimbizi, mnajua kupokea turubai kwa mtu msiyemjua. Milima hiyo iko mwendo wa saa chache kwa gari. Andikeni majina yenu Jumapili hii, na baridi ikiingia myaandike tena.