Gegedu la goti halioti kwa chupa: tuache kutangaza uongo

Goma. Ninyi familia mliokimbia vita, leo sileti habari. Leo nasema wazi.

Wachuuzi wanapita na megafoni: «Goti linauma? Gegedu limeisha? Dawa hii inaotesha jipya kwa wiki mbili!» Mama mmoja jirani yetu alikuja kwa miguu na mtoto mgongoni, na sasa anabeba bidoni ya lita 20 juu ya mawe ya volkeno. Aliuza mahindi ya msaada ili anunue chupa hiyo. Goti bado limevimba. Mahindi hayapo tena.

Gegedu ni kile kitu cheupe, laini, unachokiona mwisho wa mfupa wa kuku. Linafunika ncha za mifupa ili zisisagane. Halina mishipa ya damu, ndiyo sababu likichimbika haliponi kama ngozi. Hakuna kidonge wala mafuta yaliyothibitishwa kuotesha jipya.

Kupandikiza gegedu kupo kweli, na wachuuzi wameiba jina hilo. Mwaka 1994, kule Göteborg, Uswidi, Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao walitoa taarifa ya wagonjwa 23 wa goti. Walikata kipande kidogo cha gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakakuza chembe zake katika maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakapasua goti mara ya pili na kuzipanda kwenye shimo. Madaktari wengine huhamisha vipande vya mfupa pamoja na gegedu lake, kutoka upande wa goti usiobeba uzito mwingi au kwa mtu aliyefariki. Halafu mgonjwa anatembea na magongo kwa wiki nyingi na kufanya mazoezi kwa miezi. Hata hivyo, upasuaji huo unafaa shimo dogo katika goti la mtu asiye mzee, si goti lililochakaa lote.

Kazi ya maabara na vyumba vya upasuaji, mtu aiweke ndani ya chupa ya sokoni? Hapana.

Mtasema: «Lakini fulani alipata nafuu!» Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe. Na wanaodunga sindano gotini barabarani ni hatari zaidi: sindano chafu inaingiza usaha ndani ya kiungo, na mtu anaweza kupoteza mguu.

Sasa tuseme ukweli wetu. Megafoni inafika mtaa mmoja, lakini radio inafika kila hema. Matangazo hayo tunayasoma sisi, waandishi wa habari, kwa sababu yanalipa. Tunakula mahindi ya yule mama. Wakurugenzi wa radio, yakataeni. Wakubwa wa afya, kagueni dawa hizo kabla hazijafika sokoni, si baada ya kilio.

Na wewe mama: goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Likiuma polepole, gawanya mzigo, shika fimbo mkono wa upande wa mguu mzima, uliza mazoezi ya kukaza misuli ya paja. Hayaoteshi gegedu, lakini yanapunguza maumivu, na hayakudai mahindi yako.