Umehamia Mjengoni, Watoto Wako Wamehamia Barabarani

Leo naomba tukae kidogo tuongee kitu kinachotuhusu wengi, ila huwa tunakifunika kwa picha nzuri.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina lake naliweka kapuni maana hajanikosea kitu. Miezi michache iliyopita alituonyesha mjengo wake huko Bunju, ndani ndani kabisa. Geti la umeme, bustani, bembea za watoto na kabwawa ka kuogelea. Chini ya picha akaandika maneno mazito kuhusu kuwapa wanawe maisha ambayo yeye hakuyapata. Komenti zikamiminika: "hongera kaka", "Mungu ni mwema", "sisi bado tunagombania luku na wapangaji wenzetu". Hata mimi niliacha makopakopa yangu pale.

Baadaye ikavuja kwamba wale watoto, Jumatatu mpaka Ijumaa, hawalali kwenye ule mjengo. Wanalala kwa bibi yao Kinondoni, vyumba viwili na sebule, kwa sababu shule yao iko jirani na pale. Bunju wanaenda wikiendi tu. Wee! Mtandao ulichafuka. "Nyumba ya kupigia picha hiyo." "Maisha ya kuigiza." "Bwawa la Jumamosi."

Mimi sikucheka. Nilimwona kama mmoja wa wazazi wachache wa mji huu waliokaa chini wakapiga hesabu. Na nina uhakika wengi waliokuwa wanamcheka wana watoto wanaoamshwa kabla jogoo hajafikiria kuwika.

Kuna na mwingine, muigizaji wa Bongo Muvi, mama wa watoto watatu. Huyu bado amepanga Kijitonyama. Kila akiposti sebule yake wanamshukia: "Dada, hela za matangazo unapeleka wapi, huna hata kiwanja?" Kumbe kiwanja anacho. Aliwahi kusema mwenyewe kwamba watoto wakimaliza shule pale karibu ndio atahama. Watu wakamwona mzembe. Mimi nikaona mwanamke anayejua anachokifanya.

Sasa msimamo wangu ni huu, na najua wengine mtaninunia: kama shule na kazi hazijahama, familia haijahama. Mmeongeza safari tu, na safari hiyo anailipa mtoto.

Siongei kwa kusikia. Yamenikuta.

Tulipanga Sinza miaka sita. Vyumba viwili, luku ya kuchangia, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kila mkataba ukiisha anapandisha. Ukuta wa pili ni baa, Ijumaa usiku watoto wanalala na mziki. Sehemu ya kuchezea ilikuwa korido, na korido yenyewe imejaa ndoo za majirani. Kwa hiyo baba watoto alipoanza kujenga Madale, kidogo kidogo, leo tofali kesho nondo, mimi nilikuwa mshangiliaji namba moja. Tulihamia mwezi wa Julai. Nje haijapigwa plasta, dari bado, ila ni kwetu. Usiku wa kwanza nililia kwa furaha, siwadanganyi.

Mtoto wetu mkubwa alikuwa darasa la pili, shule ya Kiingereza pale pale Sinza. Tukasema tusimsumbue, aendelee. Basi la shule lilikuwa linafika Madale kwa nyongeza kidogo ya hela. Tatizo limeisha, si ndio?

Sasa anayekaa mbali kuliko wote anakuwa wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa. Hilo hakuna aliyeniambia. Basi lilikuwa linapita saa 11 kasoro alfajiri, kwa hiyo mtoto anaamshwa saa 10:30, anavalishwa akiwa bado anaota, anakunywa chai amefumba macho. Jioni anarudi saa 12. Mimi kazini ni Posta. Natoka gizani, naunga bodaboda mpaka Tegeta, daladala, foleni, na narudi saa 2 usiku kama Mungu amesaidia. Mvua ikinyesha, ongeza saa moja.

Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala masaa 9 mpaka 12. Chukua hayo 9 tu, ya chini kabisa. Mtoto anayeamka saa 10:30 alfajiri inabidi awe amelala saa 1:30 usiku. Amefika nyumbani saa 12. Ana saa moja na nusu ya kuoga, kula, kufanya homweki na kuwa mtoto. Na mama yake anaingia mlangoni nusu saa baada ya yeye kulala. Maana yake, tukimlea vizuri haonani na mimi siku tano mfululizo. Tukitaka tuonane, anakosa usingizi. Chagua moja.

Mwezi wa Oktoba mwalimu wake akaniita. Mama wa watu alikuwa mpole sana. Akaniambia mtoto anasinzia kila siku kipindi cha pili, na siku hizi hata wenzake wamezoea, wanamwacha alale. Halafu akaniuliza, "Mama, kwani huyu huwa analala saa ngapi?"

Nikajibu haraka, "Saa mbili."

Nilipofika nje nikasimama. Nilikuwa nimedanganya, na sikudanganya kwa kuficha kitu. Nilikuwa sijui. Anayejua mwanangu analala saa ngapi ni dada wa kazi. Mimi namkuta amelala, namwacha amesinzia.

Ile nyumba niliyoililia kwa furaha, mtoto niliyemjengea alikuwa anaiona gizani tu, asubuhi na jioni.

Naomba nieleweke. Sisemi mjini ndio pazuri. Dar ya leo si ya wazee wetu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 kwenye mkoa huu, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na hawawezi wote kukaa Sinza na Magomeni. Lazima mji usogee. Ndio maana Goba, Madale, Chanika, Kivule na Kigamboni za ndani kila siku unasikia mlio wa mashine ya tofali. Ukweli mwingine, kijana wa kawaida kujenga Mikocheni ni ndoto ya mchana. Kwake panapatikana huko huko mbali. Na mtoto kukua na mti wa mwembe, kuku na nafasi ya kukimbia ni baraka, hakuna ubishi.

Ila tuache kupima umbali kwa kilomita. Tupime kwa masaa. Kimara zamani ukimwambia mtu unakaa kule anakupa pole. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, Kimara ikasogea mjini bila nyumba hata moja kuhama. Mwaka huo huo likafunguliwa daraja la Kigamboni, watu wakapata njia nyingine mbali na pantoni. Kwa hiyo kuna "nje ya mji" ambako njia imeshafika, na kuna "nje ya mji" ambako dalali anakwambia "lami inakuja". Ndugu yangu, usihamishe watoto kwa ahadi ya lami.

Halafu kuna kitu hatukisemi: majirani. Kule uswahilini tulikokuwa tunapakimbia, mtoto akianguka kuna mama watatu wameshamwinua kabla hujavaa kandambili. Kule kwenye makazi mapya kila mtu ana ukuta, geti na mbwa. Mwanangu mdogo alikaa miezi mitatu bila rafiki hata mmoja, ana kiwanja kizima cha kuchezea na hana wa kucheza naye. Na usiku mtoto akipandisha homa ndio unajua kama kweli umejenga. Unapiga simu kwa bodaboda wa tatu ndio anakubali kuja, tena masika, barabara imekuwa mto.

Tulifanya nini? Tulikuwa na njia tatu. Kurudi kupanga mjini na kuiacha nyumba, baba watoto hakutaka hata kusikia. Kumpeleka mtoto kwa bibi kama yule staa, sisi bibi yuko Tanga. Ikabaki kuhamisha shule. Januari tukampeleka shule ya msingi ya serikali, dakika kumi kwa mguu kutoka nyumbani.

Hapo ndipo niliposemwa. Mama mkwe alinuna wiki nzima: "Mjukuu wangu mnamrudisha nyuma." Mashosti wakaniuliza kama tumefulia. Na kusema kweli, haikuwa bure. Darasa limejaa. Masomo ni Kiswahili, na yeye alizoea Kiingereza, muhula wa kwanza alihangaika na hesabu alizokuwa anaziweza. Shule yake mpya haina ada, hivyo hela tuliyokuwa tunalipa ada na basi tukaigawa: nyingine mwalimu wa kumfundisha jioni, nyingine nauli yangu ya bajaji ili niwahi kurudi. Bado kuna siku najiuliza kama tulimpunja.

Lakini sasa anaamka saa 12. Anakula chai macho yamefunguka. Anarudi saa 9 na wenzake watano wa mtaa huu huu, na yule mdogo naye akapata marafiki kupitia kaka yake. Mimi nikifika nakuta mtu yuko macho ananisubiri anisimulie nani kapigana na nani. Mwalimu mpya hajaniita kwa habari ya kusinzia hata siku moja.

Kwa hiyo tukiulizwa tulihamia Madale lini, huwa tunasema Julai. Kusema ukweli Julai tulihamisha makochi. Familia ilihama Januari.

Wewe unayetaka kuhama na watoto, nakuomba mambo manne tu kabla hujaita kirikuu.

Kwanza, ile safari ifanye wewe mwenyewe, Jumatatu, saa ambayo mtoto atatoka, siyo Jumapili mchana na dalali kwenye gari yenye kiyoyozi. Ifanye na siku ya mvua.

Pili, tafuta shule kabla ya kutafuta fundi wa dari. Nenda katembelee shule za kule, za serikali na za binafsi. Kama zote hukubaliani nazo, basi bado hujawa tayari kuhama, hata kama nyumba iko tayari.

Tatu, jua hospitali ya usiku iko wapi na utafikaje huko bila gari.

Nne, kama mambo hayajakaa sawa, subiri. Pangisha hiyo nyumba kwa muda, endelea kupanga mjini. Kuwa mpangaji mwenye nyumba yako siyo aibu. Yule dada wa Kijitonyama anayesemwa kila siku, watoto wake wanatembea kwenda shule na anakula nao chakula cha usiku. Wangapi kati ya wanaomtukana wanaweza kusema hivyo?

Na yule kaka wa Bunju, mimi namvulia kofia. Kaona nyumba yake ni nzuri na ni mbali, akakubali vyote viwili. Ningemwambia kitu kimoja tu: kaka, na wewe uwe unalala Kinondoni hata siku mbili kwa wiki. Watoto hawajamkosa bibi, wamekukosa wewe.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe mwanao anaamka saa ngapi? Jibu kwa ukweli, na kama hujui kama mimi nilivyokuwa sijui, leo rudi nyumbani mapema uangalie.