Anayekunja Waya Anajenga Kiwanda

Hakuna ofisi ya umma katika nchi hii isiyo na waya uliokunjwa. Kibanio kinachoshika barua ndani ya jalada, pini inayounganisha kurasa za taarifa, springi iliyomo ndani ya kalamu, ndoano inayoning'iniza kalenda ukutani, vyote hivyo vilikuwa waya ulionyooka kabla mtu au mashine haijaukunja. Nje ya dirisha, uzio wa shule ni wavu wa waya. Na ndani ya nguzo za zege zinazobeba paa la darasa zimo ringi za chuma zilizokunjwa moja moja kwa mkono. Tumezungukwa na kazi hii kiasi kwamba hatuioni tena. Na jambo lisiloonekana halipangiwi fungu katika bajeti, halifundishwi darasani, wala halipewi heshima.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba kukunja waya, pamoja na zana na mashine zake, ni mlango mmojawapo wa viwanda ambao taifa letu linaweza kuupita bila kungoja hisani ya mtu. Aidha, yanakusudia kusema waziwazi kwamba wanaoushikilia ufunguo wa mlango huo ni sisi wenyewe: mtumishi anayeandika masharti ya zabuni, na mwalimu anayemwamuru mtoto atupe gari lake la waya.

Historia ya viwanda inatufundisha jambo hili kwa mifano mitatu. Mwaka 1844, katika mji wa Norwich, Uingereza, Charles Barnard alibuni mashine ya kusuka wavu wa waya. Mji ule ulikuwa na desturi ya siku nyingi ya kufuma nguo, naye aliazima maarifa ya mtambo wa mfumaji akayahamishia kwenye chuma. Miaka 30 baadaye, yaani mwaka 1874, Joseph Glidden, mkulima wa De Kalb katika jimbo la Illinois, Marekani, ambaye kabla ya kilimo alikuwa amewahi kufundisha shule, alipewa hataza ya seng'enge. Miiba ya kwanza aliikunja kwa msaada wa kinu cha jikoni cha kusagia kahawa, na jiwe la kunolea likamsaidia kuzisokota nyaya mbili pamoja. Mfano wa tatu ni wa mwaka 1899. William Middlebrook wa Waterbury, pia huko Marekani, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza vibanio vya karatasi.

Mfano huo wa mwisho unastahili kutafakariwa na kila mtumishi aliye na kibanio mezani pake. Kibanio cha kawaida ni waya wenye urefu wa sentimita kama 10, uliokunjwa mara tatu. Umbo lake halikuwahi kupewa hataza. Lilikuwa likitumika tayari, na mtu yeyote aliweza kuliiga. Kilichosajiliwa na Middlebrook kilikuwa mashine. Maana yake ni kwamba umbo lilikuwa la watu wote, lakini uwezo wa kulitoa kwa maelfu ulikuwa wa yule mwenye zana. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya taifa linalouza na taifa linalonunua.

Haitupasi kuyasema hayo kwa kuwashangilia wageni. Seng'enge hiyo hiyo iliyozaliwa kwa kinu cha kahawa ndiyo iliyozungushiwa kambi walimofungiwa wazalendo wa Kenya miaka ya 1950. Zana haina itikadi. Wanaoimiliki ndio wanaoipa kazi ya kufanya. Hata sisi waya tulianza kuujua kwa uchungu. Katika karne ya 19 wapagazi wa misafara iliyoondoka Bagamoyo walibeba nguo, shanga na mizungusho ya waya wa shaba, na bidhaa hizo zilibadilishwa kwa pembe za ndovu. Waya ulikuja kutoka mbali na mali ilikwenda mbali. Lakini ulipofika bara, mafundi wetu waliukunja na kuusokota kuwa vikuku na mapambo kwa mikono yao. Ustadi haukuwa wa kuletwa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa maana wako wanaoidhania kuwa ni ya nguvu tu, isiyohitaji akili. Waya wa chuma una ukaidi. Ukiukunja kidogo na kuuachia, hurudi ulikokuwa. Ukiukunja zaidi, hubaki umepinda, lakini bado hurudi nyuma kiasi fulani. Kwa hiyo fundi anayetaka pembe ya nyuzi 90 hana budi kuupitisha waya mbele ya nyuzi 90 ili ukirudi usimame pale anapotaka. Kiasi cha kupitisha hutegemea ugumu wa chuma, unene wake na ukubwa wa duara la kona. Tena, kila unapokunjwa mahali pale pale huzidi kuwa mgumu, na mwisho hukatika. Ili ulainike tena, lazima uwekwe motoni ushike wekundu, kisha uachwe upoe polepole. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; fundi wa waya anaijua methali hiyo kwa vidole vyake.

Zana ya kwanza ya kazi hii ni koleo, ikifuatiwa na nyundo na jiliwa, ambalo wengi huliita vaisi. Lakini zana iliyojenga taifa hili kuliko inavyodhaniwa ni ile bao ya mbao nene iliyopigiliwa vipande vya nondo, ambayo huonekana katika kila eneo la ujenzi. Kijana huingiza chuma cha milimita 6 au 8 baina ya vipande hivyo, hukivuta kwa wenzo wenye mdomo wa kukishika, na ringi moja hutoka ikiwa sawa na mwenzake. Mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Kati yake 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Kazi kubwa ya madarasa hayo ilifanywa na mafundi wa kawaida wa maeneo husika. Wanafunzi wanaosoma humo leo wamekaa chini ya zege lililoshikwa na ringi za bao hizo. Ni nani aliyewahi kuihesabu bao ile miongoni mwa mitambo ya taifa?

Juu ya bao iko mashine ya kusuka wavu wa uzio. Muundo wake hauna siri. Upanga bapa wa chuma huzungushwa, kwa mpini au kwa mota ndogo, ndani ya bomba lenye mfereji uliojipinda kama skrubu. Waya huingia upande mmoja, hujizungusha juu ya upanga huku ukifuata mfereji, na hutokea upande wa pili ukiwa umepindapinda mfano wa mwendo wa nyoka. Uzi huo mpya hujipenyeza katika uzi uliotangulia, fundi hukata, hukunja ncha kwa koleo, na wavu hukua. Upana wa upanga ndio unaoamua ukubwa wa tundu. Mashine ya namna hii inaweza kutengenezwa na karakana yoyote yenye mashine ya kukereza chuma na mtu wa kuchomelea, na kikundi cha vijana watatu au wanne kinaweza kuiendesha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba nchi hujengwa kwa mitambo mikubwa. Wengine watauliza faida iko wapi endapo chuma chenyewe kinatoka nje. Tuwajibu kwa utulivu. Ni kweli kwamba chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, kimezungumzwa kwa miongo mingi, na kila mzalendo anatamani kukiona kikiyeyushwa. Lakini hata siku hiyo itakapofika, chuma kitakachotoka tanuruni kitahitaji watu wanaojua kukivuta, kukinyoosha, kukikata na kukikunja. Tukikosa watu hao, tutakiuza kikiwa kizito na kukinunua tena kikiwa kibanio. Thamani huongezeka katika kila mkunjo. Anayenunua mzungusho wa waya na kuuza wavu amebakiza ujira wa mkunjo huo hapa nchini. Anayenunua wavu uliokwisha kusukwa mbali amelipa ujira wa mtu mwingine.

Wala wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya dhidi ya elimu inayomfanya msomi aidharau kazi ya mikono. SIDO iliundwa mwaka 1973 ili kuvilea viwanda vidogo. TEMDO ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, makao yake yakiwa Arusha, ili kubuni mitambo inayofaa mazingira yetu. Kule Moshi kilijengwa kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kwa lengo la kutengeneza mashine zinazotengeneza mashine. Hata bendera ya Chama Cha Mapinduzi ina nyundo kando ya jembe. Njia ilionyeshwa zamani; kinachotukwamisha ni kasumba ya kuamini kwamba kitu kilichokunjwa na jirani hakiwezi kuwa imara.

Kasumba hiyo ninaijua kwa kuiona. Katika halmashauri moja, ambayo sina haja ya kuitaja, shule ilihitaji uzio. Kikundi cha vijana kilikuwa kikisuka wavu umbali usiozidi hatua mia tatu kutoka lango la shule hiyo. Masharti yaliyoandikwa yalidai mzabuni awe na uzoefu wa miaka mingi na mapato ambayo hakuna kikundi cha vijana kinachoweza kuyafikia. Wavu ukaletwa kwa lori kutoka mbali, na vijana wale wakaajiriwa kwa siku mbili kuchimba mashimo ya nguzo. Hakuna aliyevunja sheria. Lakini kalamu iliyoandika masharti yale iliwageuza mafundi kuwa vibarua.

Hali hiyo haina udhuru. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo zina utaratibu wa kutoa asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwa mikopo, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mtumishi mwenye nia njema anaweza kuziunganisha njia hizo mbili: mkopo ukanunua mashine, na uzio wa zahanati au shule ukawa kazi ya kwanza ya mashine hiyo. Anaweza pia kukisaidia kikundi kujiandikisha katika mfumo wa NeST, badala ya kukitazama kikishindwa mlangoni. Mkopo bila soko huzaa deni, na soko bila zana huwanufaisha wa mbali.

Kwa walimu, ujumbe ni mwepesi zaidi. Mkondo wa amali ulioanza mwaka 2024 katika shule za sekondari hautafanikiwa kwa vitabu peke yake. Gari la waya analotengeneza mtoto wa darasa la tatu lina ekseli, usukani na vipimo alivyovikadiria kwa macho. Ni mchoro wa kihandisi uliosimama. Somo la hesabu nalo liko papo hapo. Ringi ya mraba wenye upande wa sentimita 15 inahitaji sentimita 60 za chuma. Ukiongeza ncha mbili za sentimita 7 kila moja, jumla ni 74. Je, nondo ya mita 12 itatoa ringi ngapi, na kitabaki kiasi gani? Watatoka na ringi 16 na kipande cha sentimita 16. Mwanafunzi aliyelipata jibu hilo akiwa ameshika chuma mkononi halisahau.

Hata hivyo, hatuwatendei haki mafundi kwa kuwasifu tu. Wapo wanaopunja. Ringi hukunjwa ikiwa na ncha fupi zisizoingia ndani ya zege. Chuma chembamba hutiwa mahali pa kinene. Waya wenye rangi hafifu ya madini ya zinki huuzwa kama wa kudumu, na baada ya masika mawili hushika kutu. Anayefanya hivyo anampa silaha yule afisa mwenye kasumba. Fundi anunue kipimo, akubali kukaguliwa, na akatae kazi asiyoiweza. Taasisi za ubunifu nazo zimpe michoro sahihi, chuma kigumu cha kutengenezea upanga wa mashine, na kinga ya kuzuia vidole visinaswe. VETA ina mafunzo na vyeti; itoke karakanani iwafuate mafundi huko waliko.

Ndugu watumishi na walimu, viwanda vikubwa vitakuja na ni haki yetu kuvidai. Lakini havitakuja juu ya ardhi tupu. Vitahitaji mikono iliyozoea kupima, na macho yanayojua kwamba chuma kikikunjwa hurudi nyuma kidogo. Mikono hiyo ipo tayari, iko kando ya barabara, inasubiri kazi. Mara nyingine utakapoombwa kuandika masharti ya uzio au kuidhinisha ununuzi wa ringi, uliza kwanza ni nani aliye karibu anayeweza kuikunja kazi hiyo, kisha andika.