Turbo ya shilingi 28,000 iliyonila shilingi 226,000

Najua nimekuwa kimya, na wengine wenu mmeniandikia mkiuliza kama niliacha kuandika. Sikuacha. Nilikuwa napanda matatu asubuhi na jioni, na nikifika nyumbani nimechoka kama punda wa Lamu. Leo nawaeleza kwa nini mtu mwenye gari alikuwa anapanda matatu.

Kwa kawaida hapa tunaongea habari za programu na mitandao. Leo ni injini, lakini vumilieni, mtaona kosa nililofanya ni lile lile tunalolifanya kila siku kazini.

Gari langu ni Toyota NZE, ile tunayoiona kila kona ya Nairobi. Injini yake ni 1NZ-FE ya lita 1.5, haina turbo. Haili petroli, haina kelele, spea zake zimejaa Kirinyaga Road. Tatizo lilikuwa mimi. Kila nikipanda mlima naachwa na Subaru, na nikirudi nyumbani nafungua video za vijana wa ng'ambo waliofunga turbo kwenye magari madogo. Nikapata kazi ya pembeni, nikaweka akiba ya shilingi 120,000, nikajiambia: inatosha.

Hesabu yangu ilikuwa hii:

Turbo ya mtumba kutoka Japani: 28,000
Manifoldi ya ekzosi, kuchomelewa: 15,000
Intakula ya mtumba na mabomba yake: 18,000
Gasketi, paipu za oili na za maji: 9,000
Kazi ya fundi: 30,000

Jumla 100,000, na 20,000 za dharura. Nilijiona mtu wa mipango.

Kabla sijaendelea, turbo ni nini? Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, ile ya pili inasukuma hewa ndani ya injini. Wazo si geni: Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku ukilelewa na oili tu. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma petroli nyingi, na nguvu inaongezeka. Hapo kwenye "unaweza" ndipo pesa zote zilipo.

Fundi wangu wa Grogan ni mzee wa maneno machache. Alipomaliza kufunga alipangusa mikono, akaniuliza: "Bosi, hewa umeleta. Petroli ya kuifuata iko wapi?"

Nikamjibu kwa kile kiburi cha mtu aliyesomea kompyuta chuo kikuu: "Usijali mzee, kompyuta ya gari itajirekebisha."

Akanyamaza. Ningemsikiliza, leo mngekuwa mnasoma makala nyingine.

Tupige hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama 0.82 ya bar, wakati Mombasa ni kama 1.01. Turbo yangu iliongeza 0.4. Kwa hiyo injini iliyozoea 0.82 sasa inapokea 1.22, karibu mara moja na nusu. Lakini hewa ikibanwa inapata joto. Ile iliyoingia ikiwa na nyuzi 25 inatoka kwenye turbo ya kawaida ikiwa na kama nyuzi 75, na hewa moto huwa nyepesi. Ndiyo maana kuna intakula, kuipoza kabla haijaingia. Ikifanya kazi vizuri, unabaki na karibu 40% ya hewa zaidi ya mwanzo.

Hewa 40% zaidi inataka petroli 40% zaidi, kwa uchache. Nozeli za gari la kawaida hazikutengenezwa zikiwa na akiba kubwa hivyo. Na kompyuta niliyoitegemea? Ni kweli inajirekebisha, lakini ukiwa unatembea pole pole. Ukikanyaga mafuta hadi chini inaacha kuisikiliza sensa ya ekzosi, inasoma jedwali lililoandikwa kiwandani. Jedwali hilo lina safu ya mwisho, na waliolitunga hawakuwahi kufikiria kwamba injini hii siku moja itavutishwa hewa ya 1.22. Ukivuka safu ya mwisho, hakuna jibu sahihi huko. Waandishi wa programu, mnalijua kosa hili. Kila mmoja wetu ameshawahi kuandika jedwali na kusema "haiwezi kufika hapo".

Kuna jambo la pili. 1NZ-FE inabana mchanganyiko wake mara 10.5 kabla ya plagi kuuwasha. Subaru Impreza WRX ya 2002 iliyouzwa Marekani, iliyotoka kiwandani na turbo, inabana mara 8 tu. Haikuwa bahati mbaya. Hewa ikiwa tayari imesukumwa na turbo, halafu uibane tena mara 10.5, mchanganyiko unapata joto hadi unalipuka wenyewe bila kungoja zamu yake. Mafundi wanasema injini inagonga. Kila kugonga ni nyundo juu ya pistoni.

Hata wakubwa walipigwa na nyundo hii. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari lililoitwa Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na turbo. Injini yake ilibana mara 10.25. Ili isigonge, waliweka tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli, yanyunyizwe ndani injini ikifanya kazi nzito. Wenye magari wengi wakawa wanasahau kulijaza. Gari halikumaliza hata miaka miwili sokoni, na baadhi ya wateja waliondolewa turbo wakafungiwa kabureta ya kawaida. Hao walikuwa na wahandisi na maabara. Mimi nilikuwa na mashine ya kuchomelea na video.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa tamu, sitadanganya. Niliipita Subaru moja pale Limuru Road nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu ikaja safari ya Voi. Mama anaishi huko, na alikuwa na miadi ya kupasuliwa jicho Nairobi siku ya Jumatatu. Nikamwambia asipande basi, mwanawe ana gari, nitakuja kumchukua Jumapili. Sasa angalieni njia yenyewe: kutoka Nairobi kwenda Voi unateremka. Ukikaribia Mtito Andei uko chini ya mita 1,000, na mgandamizo wa hewa umepanda hadi kama 0.93. Springi ya turbo yangu haijui habari za milima, inaongeza 0.4 yake ile ile juu ya chochote inachokikuta. Kwa hiyo injini iliyokuwa ikipokea 1.22 kule nyumbani sasa ilikuwa inapokea 1.33, hewa ya huko ni moto, na mimi nataka kuipita lori. Petroli haikuongezeka.

Nilisikia kama mtu anatikisa mawe ndani ya mkebe. Baada ya hapo moshi wa buluu nyuma, na taa ya oili.

Nilikaa kando ya barabara saa nne nikingoja gari la kuvuta. Mama alipanda basi la usiku peke yake, na jicho moja haoni vizuri. Alifika Nairobi amechelewa na zamu yake akapewa mtu mwingine. Alingoja wiki sita. Hakunigombeza. Siku aliponiuliza nilikuwa nikitengeneza nini hasa kwenye gari, nikamweleza yote, habari za hewa na nguvu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Lakini mwanangu, si lilikuwa linafika?"

Fundi alipofungua injini alikuta pistoni ya tatu imevunjika kingo pale ringi zinapokaa. Bili ya pili ikawa hii:

Injini nyingine ya mtumba: 70,000
Kazi ya fundi: 20,000
Kuvutwa kutoka Mtito Andei: 22,000
Nauli zangu za wiki zote hizo: 14,000

Jumla 126,000. Jumlisha 100,000 za mwanzo, nimetumia 226,000 kulirudisha gari pale lilipokuwa. Na bado kuna shughuli ya NTSA, maana injini mpya ina namba yake na rekodi lazima zibadilishwe. Bima nayo nilikuwa sijaiambia chochote kuhusu turbo. Ningegonga mtu siku ile, sijui ningejitetea vipi.

Sasa tazameni vitu nilivyoviruka kwa sababu "bajeti haitoshi". Hizi ni bei nilizopewa mwenyewe nilipouliza:

Nozeli kubwa: 16,000
Pampu ya petroli yenye nguvu: 8,000
Kompyuta ya nyongeza ya kuongoza petroli na plagi: 45,000
Kipimo cha uwiano wa hewa na petroli: 25,000
Kupangiwa majedwali upya na mtaalamu: 30,000
Klachi ya kuhimili nguvu: 22,000

Jumla 146,000. Yaani gharama halisi ya kufunga turbo ilikuwa 246,000, na hapo pistoni ni zile zile za kiwandani na ni lazima uwe na adabu ya mguu. Nilivyonunua ni vile vinavyoonekana ukifungua boneti. Nilivyoruka ni vile vinavyoilinda injini, na havionekani. Hakuna anayepiga picha nozeli.

Huu ndio msimamo wangu, na najua wengine mtanipinga. Turbo yenyewe ni sehemu ya bei nafuu, na ndiyo maana inatudanganya. Anayekwambia amefunga turbo kwa elfu mia moja hajamaliza kulipa, au hajakuhesabia yote. Kazini ni vivyo hivyo: bosi ananunua seva mpya, halafu hakuna pesa ya kuijaribu, ya kuhifadhi nakala za data, wala ya mtu wa kuiangalia usiku. Seva inapigwa picha. Nakala hazipigwi picha mpaka siku zinapohitajika.

Sisemi msifunge. Nasema pindueni mpangilio wa kununua. Anza na kipimo cha hewa na petroli, kifunge kwenye gari lako lilivyo na ujifunze kukisoma. Pima mbano wa silinda, maana injini iliyochoka haifai hata kuanza. Halafu nozeli, pampu na kompyuta. Lipa mtaalamu wa majedwali kabla hujaimaliza pesa. Turbo iwe kitu cha mwisho kununua. Ukiona akiba imeisha kabla hujaifikia, shukuru Mungu, umepata jibu lako bila kuvutwa.

Na kama unachotaka ni kutembea tu, uza gari lako ongeza pesa ununue lililotoka kiwandani na turbo, baada ya kulipima vizuri. Una 120,000 tu na hutaki kuongeza? Weka tairi nzuri, breki, plagi na oili safi. NZE itafika.

Waliofunga zao, niandikieni hesabu zenu kamili, na msiache nauli na gari la kuvuta. Mama alipasuliwa jicho mwezi uliopita na anaona vizuri. Turbo iko chini ya meza ninapoandikia, imefungwa kwenye gazeti. Watu wawili wameshaiulizia bei, na wote nimewauliza kwanza: petroli ya kuifuata iko wapi?